Mkia Mweupe wa Potaka

Kijijini kwao, katika visiwa vya Aotearoa, Potaka alikuwa mtu mzito, maana alikabidhiwa kulinda mkia wa mbwa. Mbwa wengine waliishia kwenye shimo la kuokea nyama, lakini huyu mkia wake ulikuwa mweupe pe, na kila manyoya yalipokua yalinyolewa yakapambe silaha za chifu. Kwa hiyo mheshimiwa mbwa hakukanyaga tope. Alikula samaki, akalala ndani juu ya mkeka safi.

Mkeka huo aliusuka Hinekura, mke wa Potaka, ambaye mwenyewe alilalia majani makavu mlangoni, penye upepo.

"Mkeka umeingia vumbi," Potaka alimwambia asubuhi moja. "Suka mwingine. Mkia ukichafuka, chifu atanionaje?"

"Na mgongo wangu ukivunjika?"

"Mgongo haupambi silaha, mke wangu."

Potaka alipotoka kwenda kuringa mbele ya wenzake, mkewe alishuka mtoni akaosha kichwa vizuri.

Potaka aliporudi alimkuta mbwa anakoroma mlangoni juu ya majani makavu, wala hana malalamiko. Kwenye mkeka amejinyoosha Hinekura, mvi zake amezitandaza zikauke.

"We mama, umerukwa na akili? Hapo pa mbwa."

"Hapa pa nywele nyeupe," Hinekura alisema bila kufumbua macho. "Na zangu zimeota nikikusukia mikeka. Haya mzee, samaki wangu yuko wapi?"