Kitasa Nilichokiacha kwa Ajili ya Dagaa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa na kishindo chochote. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu hapa hapa Guangzhou, nami nimesimama mlangoni mwa kiwanda kidogo cha kusubu vyuma pembezoni mwa mji, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, nikiitazama saa. Mwanamke mwenye kiwanda aliniuliza swali moja. Nikamjibu bila kukitazama alichokuwa akinionyesha. Swali lile lilikwisha kabla mtu hajameza mate, lakini jibu lake nimelibeba mpaka mvi hizi unazoziona.

Nianzie nyuma kidogo, maana jambo hili halikuanzia China.

Mjomba wangu Rajabu, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa fundi wa mabehewa kule kwetu bara. Mwaka wake wa mwisho kazini, kampuni moja ndogo iliyokodi kipande cha reli ilinunua mabehewa manane ya Uingereza. Kwao yalikwisha kustaafishwa. Walipata mapya, na haya wakayauza badala ya kuyakata vyuma chakavu. Yalikuja kwa meli, kisha yakapanda bara juu ya malori, kwa sababu magurudumu yake yaliachana kwa upana usiolingana na reli yetu. Mjomba na vijana wake wakayavua magurudumu yale na kuyavisha ya kwetu, kama mgeni anavyovuliwa viatu mlangoni na kupewa kandambili za mwenyeji.

Niliingia ndani ya behewa moja pamoja naye. Viti vilikuwa vya kitambaa cha buluu, kimefifia pale tu mabega ya watu yalipoegemea. Nilijiuliza ni akina nani, walikuwa wakienda wapi. Mjomba aliupiga ukuta kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe wake begani.

"Hawa wamestaafu kwao, na mimi nastaafu kwetu," alisema. "Lakini kuzeeka si kuchakaa, mpwa wangu. Ngoja utuone."

Hakuwa akijisifu bure. Meneja alimwahidi kwamba mabehewa yakipita ukaguzi kabla ya masika, atabakizwa kazini awafundishe vijana. Yasipopita, kampuni itarudisha njia kwa wenyewe, naye ataondoka na wengine. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa milango. Milango ile ilijifunga yenyewe ukiibamiza: ulimi mnene wa chuma unaingia tunduni na kushika. Ndimi zile zilikuwa zimelika kwa miaka ya abiria kufungua na kubamiza, na huko zilikotoka hakuna aliyezitengeneza tena.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza safari za Guangzhou, nikinunua suruali za jinzi. Mjomba akaenda kwa meneja akanisemea. "Mpwa wangu anajua vichochoro vya China. Mpeni yeye." Jina lake akaliweka rehani kwa ajili yangu, nami nikalichukua kama mtu anayechukua mwavuli wa kuazima.

Alinipa vitasa viwili. Kimoja kizima, hakijawahi kufungwa mlangoni, cha akiba pekee kilichokuja na mabehewa. Alikiweka katika kisanduku cha mbao, amekizungushia kitambaa chenye mafuta. Cha pili kilikuwa kimelika. "Hiki kizima ndicho waige," aliniambia. "Hiki kingine ni cha kuwaonyesha kinapolika, wajue pa kukaza. Usivichanganye." Nikamwambia, "Sawa, Mjomba." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la kwanza, na haikunisaidia kitu.

Siku ya safari, uwanja wa ndege, mzigo wangu ulizidi uzito. Ndani ya sanduku nilikuwa na dagaa wa Kigoma, wakavu, wa kuwauzia mama lishe wa mtaa wa Dengfeng, huku Guangzhou. Nyinyi mnaokuja siku hizi mnawakuta wenzenu wamejaa mitaa hii ya Xiaobei, na ugali uko kila kona. Zamani zile mtu alinusa dagaa akatokwa na machozi. Nilitazama kisanduku cha mbao, nikatazama dagaa. Nikajiambia, kitasa ni kitasa, na kimoja ninacho. Nikampa binamu yangu aliyenisindikiza kile kizima akarudi nacho mjini. Kilicholika nikakitia mfukoni.

Dagaa waliisha siku ile ile. Mama Furaha, Mkongomani mwenye mgahawa wa ghorofani pale Dengfeng, aliwachukua karibu wote. "Petit, mdogo wangu," alinitania, "dagaa wako wananukia nyumbani, lakini wewe mwenyewe unanukia chuma. Umekuja kuoa treni?" Tukacheka. Nikala, nikalala, na asubuhi nikaenda kiwandani.

Mwenye kiwanda, laoban kama tuitavyo mabosi huku, aliitwa Hua. Alikuwa na mikono myeusi kwa masizi. Alikichukua kitasa, akapitisha dole gumba juu ya ulimi wake, taratibu, huku na huku. Akakunja uso. Akachukua chaki, akachuchumaa, akachora sakafuni ndimi mbili: moja mraba, imejaa, nyingine imeinama upande kama jino bovu. Akagonga ile iliyoinama, akainua macho.

"Yiyang?" akauliza. Yaani, iwe vile vile?

Nje, basi la Xintang lilikuwa linakuja, na jinzi zangu zilikuwa Xintang. Nilifikiri ananiuliza kama nataka kitasa kama kile. Sikuitazama chaki.

"Yiyang, yiyang," nikajibu. Nikakimbilia basi.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Walisahau kusema kwamba ujinga mkubwa ni kuulizwa na mjuzi ukajibu mgongo umegeuka.

Makasha ya vitasa yalifika nyumbani wiki chache kabla ya ukaguzi. Mjomba alifungua la kwanza mwenyewe. Vitasa vilimetameta kama sarafu mpya. Akakitoa kimoja, akapitisha dole gumba juu ya ulimi, taratibu, huku na huku, vile vile kama Hua. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu.

"Kile kizima kiko wapi?"

"Kilibaki, Mjomba. Mzigo ulizidi."

"Ulizidishwa na nini?"

"Dagaa."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha, kisha akauona uso wangu. Hakunipiga, hakunitukana. Alikipanga kitasa kipya kando ya kile cha zamani, ndimi zimeinama pamoja.

"Mchina hana kosa," alisema. "Umempa mzee aliyechoka, naye amekutengenezea wazee mia. Ameiga hata uchovu wake."

Karipio hilo ningelistahimili. Lililonishinda lilikuja kesho yake, ofisini. Meneja aliuliza mbele ya watu, nani alichagua kielelezo kilichopelekwa China? Mjomba aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, na ulikuwa mzima. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi," Mjomba akasema.

Kutengeneza vingine na kuvisafirisha kwa meli kungechukua muda ambao hatukuwa nao. Vijana wakafunga makomeo ya kawaida kwa nje. Mkaguzi alilisukuma moja, akauliza, "Moto ukiwaka humu, abiria watoke wapi?" Mabehewa yakasukumwa kwenye njia ya pembeni. Yapo mpaka leo. Majani yamepita madirisha, na kuna mtu anahifadhi magunia ya mahindi juu ya viti vya buluu. Yalivuka bahari yapate maisha ya pili, yakaishia kwenye ulimi mmoja wa chuma.

Mjomba aliondolewa kazini, akaishi miaka sita baada ya hapo. Alipokwenda sokoni alizunguka njia ndefu asiyaone mabehewa yale. Nilisema kila mwaka kwamba nikirudi likizo nitakwenda kwa meneja na kwa mafundi niseme ukweli. Kampuni ilikwisha, mafundi wakatawanyika, na Mjomba akazikwa akiwa ndiye fundi aliyekosea. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota ndevu.

Nilirudi kwa Hua baadaye sana. Alikuwa amezeeka, lakini alinijua. Kabla sijasema kitu aliinyooshea sakafu kidole, pale alipochora chaki. "Nilikuuliza," alisema. Basi.

Kile kisanduku cha mbao unachokiona juu ya rafu ya duka langu, ambacho wateja hudhani ni pambo, binamu alikipeleka kwa Mjomba baada ya ukaguzi, na mkewe alinikabidhi baada ya arobaini. Kifungue. Pitisha dole gumba. Umeona ulimi ulivyojaa?

Nawe kesho unakwenda kiwandani na kielelezo cha watu mkobani. Nisikilize, basi. Ulichopewa kibebe kama ulivyopewa. Usipime amana ya mtu kwa uzito wa vitu vyako. Mwenye kazi yake akikuuliza, ingiza miguu yote miwili ndani, chuchumaa naye, utazame anachochora, na basi la Xintang liende zake. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, wakati anayekubebea kosa lako bado yu hai asikie. Ukichelewa utakuja kulisema kama mimi, kwa mtoto wa mwingine, mbali na kaburi.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaze ulipopungua. Milango utakayoifunga ishike, na utakayoifungua ikutoe salama.