Mbio Zilizokatizwa na Harusi

Wiki iliyopita nilimpeleka baba mtaa wa Bawshar kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya mashindano, na sijapata kuona upuuzi kama ule. Magari yaliyoundwa kukimbia usiku na mchana yaliletwa juu ya malori, yakapanguswa kwa vitambaa laini, yakapangwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi mbele ya duka la manukato. Wenyewe, vijana wa kanzu za dishdasha zilizonyooka kama karatasi, hawathubutu hata kuyawasha. Wanayapiga picha tu, masikini.

Sisi, rafiki yangu, tulikulia Wadi Kabir, nyuma ya gereji ya baba, ambako hata wali ulinuka dizeli. Kila Ijumaa baada ya swala, mafundi wenzake walijaa sebuleni kutazama kanda ya video aliyoletewa kutoka Ulaya: mbio za saa ishirini na nne, zile za zamani. Mama alikaanga vitumbua, mimi nikaosha vikombe vya kahawa, na ngurumo za injini zikatikisa kabati la vyombo. Gari la buluu liliongoza tangu alfajiri, kisha giaboksi ikaanza kulia. Likabaki na gia moja, na saa moja ya kukimbia. Papo hapo, vigelegele! Shangazi, ambaye akili yake haikuwahi kuvuka mlango wa saluni, alirekodi harusi ya mwanawe juu ya mwisho wa mbio.

Basi kila Ijumaa ubishi ukawa ule ule.

"Limefika," baba alisema. "Giaboksi ile mimi nnaijua."

"Limekufa," fundi jirani alimjibu, "na wewe utakufa na ubishi wako!"

Wakafokeana hivyo mpaka adhana ya alasiri, watu wazima na ndevu zao, nami jikoni nikiwaona wajinga watupu. Miaka mingi baadaye nilitafuta kwenye simu: gari lilikufa njiani. Sikumwambia baba. Nilijiona nimemsitiri, na kimoyomoyo nikamdharau.

Kule Bawshar baba alisimama mbele ya gari la buluu la aina ile ile. Mwenye gari akaropoka bila kuulizwa: "Wallahi, ammi, lenziwe halikumaliza zile mbio za saa ishirini na nne. Giaboksi ilivunjika karibu na mwisho."

Nilitamani kumzaba kibao. Baba alitikisa kichwa tu, akaomba turudi nyumbani.

Njiani nikamwambia, "Baba, usimsikilize yule."

"Mwanangu, mimi fundi. Giaboksi inalia vile, ingefika wapi? Nlijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa ubishi wote ule ulikuwa wa nini?"

"Ningekubali, Ijumaa ya pili nani angekuja?"

Gereji imefungwa, na mafundi wale wote tumeshawazika. Ijumaa baba hula peke yake, televisheni imezimwa. Na mimi niliyejiona mwerevu kuliko sebule nzima, ninayekaa Mawaleh, mwendo mfupi tu kwa gari, humpigia simu dakika mbili, nikamuuliza kama ameshakula.