Mtoto wa Majiko Manne

Iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Jiko langu lilinukia iliki na mafuta ya moto, maandazi yanaumuka karaini, nami nimesimama mlangoni nachungulia njia ya migombani kama mtu anayesubiri mgeni wa maana. Mgeni mwenyewe alikuwa msichana wa darasa la pili, soksi zimeshuka, begi limening'inia bega moja. Jina lake Manka, mtoto wa shemeji yangu.

Mimi nilikuwa mama yake mdogo. Niliolewa Uru, ubavuni mwa Kilimanjaro, nikiwa binti bado, kwa mtoto wa mwisho wa boma lile, na miaka ikapita bila kupata wa kwangu. Sikufichi hilo, maana usipolijua hutayaelewa maandazi yale. Manka alipofika na kusema, "Shikamoo, mama mdogo," nyumba yangu ilijaa. Nilimwekea maandazi, nikamfungulia soda niliyoifuata dukani asubuhi, na siku nilizouza ndizi vizuri nilimkaangia na chipsi. Alikula huku ananihadithia mambo ya shuleni, mimi namsikiliza nimeshika shavu, kazi zote zimelala.

Sasa wewe unakijua kihamba, shamba la ukoo, kilivyo. Nyumba zetu zilikuwa nne ndani ya migomba na kahawa, zimetenganishwa na ua wa masale tu, na njia ya mtoto kutoka shuleni inapita kwenye kila mlango. Kwanza anafika kwa bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye sufuria yake ya mtori wa ndizi na nyama haikupoa hata siku moja. Halafu kwa shangazi yake, mjane aliyerudi nyumbani na watoto wake, hodari wa makande na hafukeki. Halafu kwangu. Jioni mama yake anarudi kutoka mjini Moshi, alikokuwa anauza kwenye duka la vitambaa, na kwa kuwa hakumwona mwanawe kutwa nzima, anampakulia sahani ya kumwomba radhi. Na kwetu mtoto akija mlangoni haulizwi kama amekula. Kumuuliza ni sawa na kumfukuza. Unamwekea tu, naye amefundishwa kwamba chakula cha mkubwa hakikataliwi. Basi kila jiko liliamini linamlisha Manka mara moja kwa siku. Aliyejua habari nzima ni Manka peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Watu walimsifia, tena mlangoni pa kanisa. "Huyu mtoto ana afya kweli!" wakisema, wanamfinya mashavu, na mimi kifua kinanipanda. Mashavu yale niliyahesabu kuwa kazi ya mikono yangu. Usinicheke. Wewe nawe jana nimekusikia ukimsifia wa jirani hivyo hivyo.

Mwaka ule magoti yakaanza kumuuma. Akawa anasinzia darasani, anaachwa nyuma na wenzake wakirudi nyumbani, na kwa kuwa watoto hawana huruma, wakampa jina la Tanki. Akawa halitaki tena begi lile asubuhi, analia anasema tumbo linauma. Mama yake akampeleka zahanati. Muuguzi akampima, akasema uzito ule umemzidi umri na kimo chake, na kwamba tukiendelea hivyo, sukari na presha vinaweza kumkuta angali kijana. Akauliza mtoto anakula nini.

"Chai asubuhi, na ugali na nyama jioni," akajibu mama wa watu, na hakudanganya, maana ndicho alichokijua.

"Basi, mama, kuna mahali pengine anakula," muuguzi akamwambia kwa upole.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mama mkwe akatuita uani kwake. Alikuwa mama mwembamba, mkali, asiyependa maneno mengi. Akatuagiza kila mmoja akachukue nyumbani kwake chakula kama kile alichompa Manka siku ya Ijumaa, akilete kwenye sahani. Tukadhani ni mchezo. Mimi nilichagua hata sahani ya maua, nijionyeshe. Tukavipanga kwenye benchi: bakuli la mtori la mama mkwe mwenyewe, makande na hafukeki za shangazi, maandazi yangu na chupa ya soda na paketi ya biskuti, na mwisho ule mlima wa ugali na nyama wa mama yake. Benchi likajaa mpaka mwisho. Tukaanza kutazamana.

Mama mkwe akamwita mume wangu. Mume wangu alikuwa mpagazi, anawapandishia wageni mizigo mlimani, na kwa kula alikuwa anasifika boma zima.

"Wewe unaweza kuvimaliza hivi kwa siku moja?" akamuuliza.

Mume wangu akalitazama benchi toka mwanzo hadi mwisho. "Labda siku ninayoshuka kutoka kileleni, mama," akasema. "Na hapo mje mnisaidie."

Tukacheka mpaka machozi. Mama mkwe hakucheka.

"Mnamlisha huyu mtoto," akatuuliza, "au mnamgombania?"

Yesu na Maria, nikaifunika ile sahani yangu ya maua kwa kanga. Mama mkwe akasogeza bakuli lake mbele ya mengine. "Na mimi nimo," akasema. "La kwanza hili ni langu."

Kisha akaweka utaratibu. Manka akitoka shule atakula sahani moja, kwake bibi, pamoja na watoto wa shangazi: ndizi na maharage, mboga ya mnafu kwa wingi, kipande cha parachichi, maziwa ya ng'ombe wetu. Kiu itakatwa na maji. Soda na keki vitangoja sikukuu. Chakula cha jioni wote tutapika cha aina moja, wakubwa kwa wadogo, ili mtoto asijione ameadhibiwa. Na yeyote atakayemwambia Manka kwamba ni mnene, awe mtoto awe mtu mzima, atakwenda kumweleza yeye mama mkwe sababu. Hakuna aliyetaka safari hiyo.

Wenzangu wakaitikia. Mimi niliitikia pia, kisha nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe nikalia. Mama mkwe akanifuata.

"Ndeshi, unalilia maandazi?"

"Mama," nikamwambia, "wenzangu wana watoto wao. Mimi nikiwa sina cha kumpa, atakuja kufuata nini kwangu?"

Nilitegemea atanikaripia. Akakaa juu ya gogo, akafikiri. "Sijui," akasema. "Mimi naona anakufuata wewe. Lakini hutajua mpaka akukute huna kitu mkononi."

Kesho yake Manka alikuja kama kawaida. Akatazama jikoni, akaona moto umezimwa. "Leo hakuna andazi?" Nikamwambia hakuna. Akasimama kidogo, akavuta begi lake, akaondoka. Siku iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hiyo hakuja. Nilimwona kwa mbali migombani na binamu zake, nikajificha asinione ninavyomtazama. Mwanangu, maumivu yale sikuombei. Jioni moja nilishindwa, nikakanda unga, nikakaanga maandazi karai zima, nikayafunika, nikasema kesho nitamwita kwa siri. Usiku mume wangu akarudi kutoka mlimani na njaa yake, akayakuta, na asubuhi lilibaki karai tupu. Nilimgombeza mpaka majirani wakasikia. Leo namshukuru.

Ikawa alasiri moja nimefunga kanga kiunoni, nimeshika mundu, natoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikasikia mtu ananifuata kwenye masale. Nikageuka, ni Manka, amevua viatu vya shule.

"Shikamoo, mama mdogo. Unaenda wapi?"

"Marahaba. Naenda korongoni, majani. Mbona hukuja siku zote hizi?"

Akachora chini kwa kidole cha mguu. "Nilidhani ukiwa huna andazi hutaki nije."

Nikauweka mundu chini. Kumbe mtoto naye alikuwa na hofu ile ile iliyonitoa machozi nyuma ya zizi! Kila mmoja kwake, analia kivyake, na chakula kimekaa katikati yetu kama ndicho kilichotuunganisha. Nikamwambia, "Mimi nakutaka hata jiko likiwa limebomoka." Akacheka, akasema basi twende wote.

Kuanzia hapo tulishuka korongoni kila alasiri. Mwanzoni alikuwa anapumzika kila penye jiwe, nami nikijifanya nimechoka mimi ili tukae. Nilimsimulia habari za utoto wangu Kibosho, yeye akanisimulia za shule. Akajifunza kukata majani bila kujikata vidole, akajifunza kufunga mzigo kwa maganda ya mgomba, akajua mnafu unachumwaje na upi bado mchanga. Mnafu aliouchuma mwenyewe aliula hata bila kuhimizwa, tena akiwasimamia binamu zake wamalize. Mama yake naye akaanza kuwahi kurudi siku za Jumamosi, wakawa wanapika pamoja. Kukonda hasa hakukonda, na hatukumtaka akonde. Aliongezeka urefu, mwili ukamkaa, magoti yakaacha kuuma, na jina la Tanki likafa lenyewe kwa kukosa mtu wa kuliitikia.

Ikaja Krismasi, Wachagga wa kila mji wakapanda nyumbani. Baba mkubwa wa Manka akafika kutoka Dar na gari limejaa makreti ya soda. Aliposhuka akamtazama mtoto, akapaza sauti mbele ya ukoo wote:

"Mbona mmemkondesha huyu? Uru kuna njaa siku hizi? Mama Manka, mtoto unampa nini?"

Mama Manka akainamisha kichwa. Unajua aibu ya mama kuambiwa mbele ya wakwe kwamba hamlishi mwanawe. Baba mkubwa akafungua chupa moja kubwa ya soda, akamkabidhi Manka. "Kunywa, mwanangu, urudishe afya."

Nami nikauona mtego. Akikataa, amemkosea heshima mkubwa. Akiinywa yote, baba mkubwa ataleta nyingine, na kesho nyingine. Manka akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema asante baba mkubwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na vikombe vidogo, akawapangia binamu zake wote, akamimina kidogo kidogo mpaka chupa ikaisha. Chake kilikuwa cha mwisho, mafunda mawili hivi. Wazee wakaguna kwa kuridhika, maana kugawa wanakuelewa.

"Sasa baba mkubwa," akasema, "twende ukanisaidie majani. Ng'ombe hajui kama ni Krismasi."

Watu wakacheka, na baba mkubwa hakuweza kukataa. Akashuka korongoni na viatu vyake vya kung'aa, mimi nikawafuata nyuma nisikose kitu. Kushuka alishuka. Kupanda ndiko kulikuwa na maneno. Manka alijitwika mzigo wake kichwani, akaupandisha mlima ule huku anaongea, shingo imenyooka, hatua hazikatiki. Baba mkubwa alibaki amekumbatia mgomba, tai amefungua, anapepea uso kwa jani. Manka akaufikisha mzigo zizini, akautua, akarudi chini mbio kumshika baba yake mkubwa mkono.

Boma zima lilikuwa limesimama ukingoni linatazama. Baba mkubwa alipofika juu na kupata pumzi akasema, "Jamani, huyu ni mtoto wa nani?"

Mama Manka akainua kichwa. "Nimemzaa mimi," akasema, na sauti yake ikafika kila mahali. "Hiyo miguu amepewa na mama yake mdogo."

Nilipiga kigelegele mimi wa kwanza! Shangazi akapokea, na mama mkwe, yule asiyecheka, akapiga makofi juu ya kichwa na kuzunguka uani kama binti. Nilicheka, nililia, sijui kipi kilitangulia. Miaka yote ile nilidhani nimekosa kitu mbele ya wanawake wenzangu, na siku ile sikukosa kitu hata kimoja. Nilishinda, mwanangu, na mtoto wangu alishinda.

Sasa nisikilize, maana nawe una mtoto na una jiko. Mpe mwanao chakula cha shamba letu kwa kiasi chake, mboga zisikosekane, na maji yawe ndiyo kinywaji chake cha kila siku. Soda, keki na vya kukaanga viache viwe vya sikukuu, na usivifanye kuwa zawadi ya kumnyamazisha wala malipo ya kutokuwepo kwako. Ukiwa na deni la muda kwa mtoto, lilipe kwa muda. Kula naye kile kile. Usimnyime chakula akiwa na njaa, na usimruhusu mtu amtanie kwa mwili wake. Zungumza na bibi, na shangazi, na dada wa kazi, mjue pamoja mtoto amekula nini leo. Mpe kazi inayomtosha na uwanja wa kukimbia, na wewe utoke naye. Na akikuta huna cha kumwekea mezani, mkaribishe vile vile, kwa uso ule ule.

Mungu akulindie huyo mtoto, ampe mifupa migumu na damu safi. Akupanue kifua umlee bila kumgombania na mtu. Na akujalie uishi mpaka umwone akipanda mlima huu mbele yako, wewe ukiwa nyuma unamwita akungoje, naye anageuka anacheka. Haika, asante, mwanangu. Nenda salama.