Honi ya Gari Moshi Langu

Wiki iliyopita mwanangu Khamis alimaliza kuunda reli yake ya mfano juu ya ubao pale sebuleni, na kichwa cha treni kimetiwa kifaa cha sauti. "Bonyeza, mama," akaniambia. Nilibonyeza, na hasira za utotoni zikanipanda upya.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyuma ya nyumba yetu Wingwi, kisiwani kusiko na treni, na mimi nilijenga reli. Niliitandika kwa njiti za makuti, pembeni ya jamvi la karafuu zilizonuka hadi koo likawasha. Treni ilikuwa kopo la samaki. Kwa kuwa iliitwa gari moshi, nilidhani ni gari la kubebea moshi, nikalijaza makumbi ya nazi yanayofuka. Sauti niliifanya kwa mdomo: mlio mrefu, mzito, kama wa meli inayoingia bandari ya Mkoani, kwani sikujua kitu kingine kikubwa chenye kulia.

Ami Juma, ndugu yake baba, aliyekuwa karudi kutoka bara, alicheka mpaka majirani wakaja. "Weye, treni hailii kama meli. Yalia kama filimbi. Mimi nimeipanda." Akalikanyaga kopo, akaisambaratisha reli yangu kwa kiatu chake kipya. Watoto wakaniita Meli mpaka nikaolewa.

Na honi ya Khamis ilikuwa ileile yangu, ndefu na nzito. Nilimpigia Ami simu, nikambonyezea honi asikilize, bila kumwambia ni ya nini.

Akaniuliza, "Uko Mkoani, mwanangu? Meli ishaingia?"