Namba ya shasi ya Tata Kasongo

Leo nimemaliza namba ya shasi ya gari ya mwenzangu kabla yeye hajamaliza kuisoma.

Tata Kasongo wa kanisani kwetu anataka kuipaka tena rangi ya kiwandani. Mi ndiye mujuzi wa telefone (musicheke), basi akanisomea namba nitafute mule rangi iliyotoka nayo.

Katikati nikaimalizia kwa kichwa.

“Weye! Umejuaje?”

Nikiwa mutoto, walipotufukuza sisi Bakasai kule Manika kwa ajili ya kabila letu, Papa alitufundisha batoto namba ile ya gari tuliyoiacha, tukingoja treni. Alisema tutarudia gari yetu.

“Ilikuwa ya bluu, Tata.”

Telefone nayo ikasema bluu.

“Mi niliinunua tu, pale Manika,” akasema polepole. Akaniwekea ufunguo mukononi.

Ningefanya nini, bandugu? Mi sijui hata kuendesha.

Nikamurudishia, nikamuomba anifikishe nyumbani. Nikakaa nyuma, nafasi yangu ileile.