Mbuzi wa Mzee Plasta

Mzee Plasta alikuwa fundi wa kupiga plasta mpaka goti lilipomkatalia kupanda ngazi. Akabaki nyumbani na mkewe, binti yao wa mwisho, na mikono isiyojua kukaa bure. Kwanza alipaka rangi mlango wa choo, ambao haukuwa umeomba. Kisha akaingia jikoni kukaanga yai, na pazia la dirisha likaungua nusu. Yai lenyewe lilitoka bichi.

Mkewe hakugomba. Alilishusha lile pazia, akalikunja vizuri, akasema, "Mume wangu, kuanzia leo wewe na moto basi."

Akatii. Lakini mzee yule alipenda vitu vitamu kuliko nyuki, na siku moja binti yake alimwonyesha kwenye simu mwanamke anayetengeneza peremende za nazi.

"Hizi hazipikwi, baba. Unachanganya, unatandaza, unasubiri zigande."

Mzee alimtazama binti kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyepotea.

"Si ndiyo kazi yangu hiyo?"

Kibali kilitoka Jumamosi: uani, si jikoni. Mkewe akamtolea mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma na meno. Mzee akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akaanza kukuna na kuguna kwa pamoja.

Hapo ndipo dada mkubwa wa mkewe alipopiga simu.

"Shemeji yangu yupo?"

"Yupo uani na mbuzi," mkewe akajibu, simu ameibana kwa bega huku anaosha vyombo. "Hawezi kushika simu, mikono imeloa."

"Na mbuzi?"

"Tangu asubuhi. Na goti lile! Nimemwambia atafute mtu amsaidie, hataki."

"Sasa mtakula lini?"

"Jioni, akifanikiwa. Hatukutaka kutangaza, dada. Unajua watu wakisikia."

"Najua," dada akasema, taratibu sana, akakata simu.

Mkewe alidhani salio limemwishia. Kumbe mwenzake alikuwa ameketi kitandani anajiuliza amewakosea nini, mpaka ndugu wa tumbo moja wachinje mbuzi kimyakimya kama wezi.

Uani mambo yalikuwa magumu. Nazi mbichi ina maji, na yule mwanamke wa kwenye simu alisema ianikwe kwanza juani. Mzee hakuianika, fundi haambiwi. Alipomimina maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, mchanganyiko ukawa uji. Akatia unga wa maziwa, ukakauka ukapasuka. Akaongeza maziwa, ukarudi uji. Akakuna nazi nyingine. Mchanganyiko ukahama bakuli ukaingia sufuria, ukahama sufuria ukaingia karai la kufulia. Binti alitumwa dukani, akatumwa tena, na alipokwenda mara ya tatu mwenye duka alimuuliza kama nyumbani wamejaliwa mapacha.

Mwishowe ukashika. Mzee alitandika nailoni juu ya meza, akamwaga, akasawazisha kwa mwiko mpya wa ujenzi aliokuwa ameutunza bila kujua anautunzia nini. Akapitisha ubao juu yake, akainama, akafumba jicho moja. Ulikuwa umenyooka kuliko ukuta wa benki.

"Asiguse mtu," akasema. "Unajivuta, haujaganda."

Jioni mlango ukagongwa. Aliingia shemeji amevaa nguo ya kutokea, na nyuma yake mumewe, mwanyumba wa Mzee Plasta, mtu mpole ambaye siku hiyo alikuwa ameacha chakula cha mchana makusudi. Kwa mkono mmoja alibeba mfuko wa mkaa, kwa mwingine kisu kilichofungwa kwenye gazeti. Shemeji mwenyewe alishika ndimu na pilipili.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema bila kucheka. "Hamkutualika, tumejialika. Yuko wapi?"

"Nani?" mkewe akauliza.

"Mbuzi."

Mkewe akageuka, akaonyesha ukutani. Mbuzi ilikuwa imeegemezwa pale inakauka, na machicha kidogo kwenye meno.

Mwanyumba aliitazama ile mbuzi, akakitazama kisu chake, akauweka mkaa chini polepole kama anayelaza mtoto.

"Dada, ulidhani..."

"Sikudhani. Nilisikia kwa masikio yangu. Umesema mikono imeloa."

"Maji ya nazi."

"Umesema hamkutaka kutangaza."

"Kwa sababu ya lile pazia. Tulisema isije ikaharibika, watu wakatucheka."

Shemeji alikaa kwenye kiti. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mkewe akakimbilia kumbembeleza, maana alifikiri analia. Alikuwa anacheka mpaka ndimu zikamtoka mkononi zikabiringika chini ya meza.

Kisu kilikuwa kikali, basi kikakata peremende. Mzee alisimamia pembe zote. Mwanyumba alipewa kipande cha kwanza kwa heshima ya njaa yake. Akatafuna, akatafuna, meno yake ya bandia yakang'ang'ania nazi, na kwa muda mrefu akawa anajibu kila swali kwa kichwa tu. Mkaa nao uliwashwa na mwenye mamlaka ya moto, yaani mama mwenye nyumba, wakapata chai na mayai.

"Ungetia iliki," shemeji akasema, akichukua kipande kingine. "Na sukari imezidi." Akachukua kingine tena. "Ila nifungie za kesho."

Mzee Plasta hakuketi kula. Alikuwa amepiga plasta nyumba za watu miaka mingi, na wenyewe wakishahamia hakuwahi kualikwa hata ukumbini. Sasa alisimama kando ya meza, mikono nyuma, anaiangalia kazi yake ikitafunwa na watu anaowapenda.

"Kesho," akasema, "nitapiga plasta koti la pili."

Binti akaanza kutafuta viatu vyake vya kwendea dukani.