Mfupa Lazima Ulie

Alhamisi nilikuwa sokoni Kakuma, kwenye kibanda cha bwana mmoja anayenyoosha migongo, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu mama wa Sudan Kusini alikuwa amelala kifudifudi, analalamika.

"Yule wa mazoezi, hospitali ya Lodwar, hakunivuta hata kidogo. Amenipa karatasi, nifanye mwenyewe nyumbani. Mimi ndio mgonjwa, na kazi pia ni yangu?"

"Pole, mama. Hapa mfupa italia."

Yule bwana akamwekea kiganja cha kushoto mgongoni, taratibu, kama anayegusa yai. Mkono wa kulia akaupeleka nyuma yake mwenyewe, mbele ya macho yangu, akabonyeza kidole cha kati kwa gumba. Tak!

Kilicholia ni kidole chake!

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia! Imerudi!"

"Sasa fanya ile mazoezi ya Lodwar kila asubuhi. Ukiacha, inatoka tena."

"Nitafanya, ndugu yangu."

Alipoondoka nilimkabili yule bwana. "Unamdanganya mtu mzima hivi hivi?"

"Mgongo yake ni mbaya, naogopa kuivunja," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini karatasi peke yake, nani anafanya?"

Nilitoka nikifoka, nimeapa kumwanika hapa gazetini. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kalamu, nikatoa karatasi yangu mwenyewe ya mazoezi, ya Lodwar, ingali imekunjwa vile vile nilivyopewa.

Nadhani mfupa wangu haujalia.